Inaponya kweli, au wanabadilishiwa unga? Maoni yangu kuhusu dirisha la methadoni baada ya miaka saba

Kila baada ya wiki mbili tatu hakosi mama anayeingia karakana yetu hapa Keko, Dar es Salaam, akijifanya anauliza bei ya kochi. Anashika kitambaa, anabonyeza sponji, anauliza kama mbao ni mninga au mkongo. Najua hanunui. Akishamaliza kuzunguka anasogea karibu, sauti inashuka: "Fundi, samahani. Nimeelekezwa kwako. Nina kijana wangu… Ile dawa wanayokunywa dirishani, inaponya kweli au wanabadilishiwa unga tu?"

Swali hilo nimelijibu mara nyingi nikiwa na misumari mdomoni, kwa haraka, na vibaya. Leo naliandika vizuri ili mama mwingine akija nimpe simu asome huku naendelea na kazi.

Nina miaka 42. Unga, yaani heroini, nilianza 2002 kwa kokteli, yaani msokoto wa bangi ulionyunyiziwa unga. Mwaka 2006 nilikuwa tayari kwenye sindano. Nimepiga debe, nimeokota vyuma chakavu, nimeuza pasi ya mama ikiwa bado ya moto. Kikombe changu cha kwanza cha methadoni, dawa ya kunywa wanayotupa kliniki, kwenye dirisha, ili tuache unga, nilikunywa 2018. Kliniki yangu siitaji, maana nina malalamiko na sitaki sista aliyenivumilia miaka yote hii aonekane mbaya kwa makosa ambayo si yake. Kwa asiyejua, hapa Tanzania bara huduma hii ilianzia Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke. Siku hizi ipo mpaka Mbeya, Mwanza, Dodoma na Tanga, na Zanzibar wanayo Kidongo Chekundu. Dawa ni bure. Ukiambiwa na mtu toa kitu kidogo ili jina liingie, huyo anakula nauli yako.

Kabla ya methadoni nilishajaribiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya ukoo. Mwaka 2012 mjomba alinipeleka shambani kwake Mkuranga, akanifungia chumbani siku tisa na ndoo. Aliyewahi kupata arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, sihitaji kumweleza, asiyewahi hata nikimweleza ataona ni mafua: miayo isiyokwisha, machozi, kamasi, kuharisha, mifupa kama inasagwa na msasa, na vinyweleo vinasimama jua la saa saba mchana. Siku ya tisa nilikuwa mzima kabisa. Siku ya kumi nilikuwa kijiweni.

Ya pili ilikuwa soba, nyumba ya kukaa watu wanaoacha unga. Dada Zuhura alilipa shilingi laki mbili na nusu kwa mwezi, miezi minne, mwaka 2015, hela za mama ntilie hizo. Soba sizisemi vibaya. Ninao marafiki waliosimama kwa zile hatua kumi na mbili na lile neno lao la "leo tu", na mpaka leo mwaka wa kumi wanakunywa soda. Ile niliyokaa mimi ilikuwa na godoro moja kwa watu wawili na adhabu ya kusimama juani, lakini hata hilo silo lililoniangusha. Kilichoniangusha hakuna aliyeniambia kabla sijatoka: mwili uliokaa miezi minne bila unga umesahau kuubeba. Nilitoka, siku ya kumi na moja nikapata kipimo kilekile nilichokizoea zamani, nikazima. Wenzangu walinimwagia maji, wakanipiga makofi, wakanimiminia maziwa mdomoni, kitu ambacho nusura kiniue chenyewe kwa kunipalia. Ipo dawa ya kumrudisha mtu wa namna hiyo, inaitwa naloksoni, inafanya kazi ndani ya dakika chache. Miaka kumi na sita ya kijiweni sikuwahi kuiona hata kichupa chake. Mama mwenye kijana anayetoka soba, au jela, au hata wodini baada ya kulazwa muda mrefu, alijue hili kabla ya kitu kingine chochote. Wiki zile za mwanzo nje ndizo zinazoua.

Sasa dirisha.

Huwezi kuamka tu ukaenda kunywa. Mimi nilipelekwa na vijana wa asasi wanaozunguka vijiweni na kugawa sindano safi. Nikahudhuria vikao vyao kwanza, nikatakiwa niende na ndugu wa kunisindikiza, nikapimwa mkojo kuthibitisha kuwa kweli natumia, nikapimwa damu kwa UKIMWI na homa ya ini, na makohozi kwa kifua kikuu. Tangu siku nilipoandikwa jina mpaka siku ya kikombe zilipita wiki tano. Wiki tano! Mtu ameshasema "nimechoka, nisaidieni", unamwambia subiri, na huku subira yake inagharimu kete nne kwa siku. Tulioandikwa pamoja tulikuwa sita, tuliokunywa ni wanne.

Dawa yenyewe ni maji. Utamu wa juu, uchungu wa nyuma, kama dawa ya kikohozi iliyoachwa juani. Unafika dirishani, unasema namba yako, sista anapima, anakupa kikombe, unakunywa mbele yake, unashushia maji, halafu anakwambia, "Haya, sema jina lako lote." Siku ya kwanza nilidhani ananiandika mara ya pili. Kumbe anahakikisha sijaificha mdomoni nikaiteme nje na kuiuza. Nilichukia. Fundi mwenye ndevu anafunguliwa mdomo kama mtoto wa kliniki ya chanjo! Mwaka wa pili ilikuwa imeshageuka salamu. Sista anasema "jina", mimi namtajia jina la mchezaji wa Simba, yeye Yanga, tunacheka, napita.

Dozi ya kwanza walinipa miligramu 25. Haikunitosha hata kidogo, na hapa ndipo wengi wanapokimbia wakitangaza mtaani kwamba dawa ni maji ya bomba. Siku ya nne na mimi nilitaka kukimbia. Dokta akanikalisha, akanieleza kwa mfano wa pipa: dawa hii inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo kikombe cha leo kinamwagwa juu ya mabaki ya jana, na cha kesho juu ya mabaki ya leo. Wakijaza kwa pupa, pipa linafurika usiku umelala, na pumzi inakata. Ndiyo maana wanapandisha kidogo kidogo, na ndiyo maana anayekunywa dirishani asubuhi kisha akajidunga jioni "kuongezea" ndani ya hizo wiki mbili za kwanza anacheza na kaburi. Na pombe ni hivyohivyo, na vile vidonge vya usingizi ni hivyohivyo.

Wiki ya sita nilifika miligramu 90. Asubuhi moja niliamka, kuna mwanga, kuna jogoo wa jirani, nikajikuta nawaza chai.

Chai, na chapati. Tangu 2006 wazo langu la kwanza la asubuhi lilikuwa moja tu, hela itatoka wapi kabla pua haijaanza kuchuruzika. Unga unakushika kwa masaa matano au sita, basi. Siku ya teja imekatwa vipande vinne, na kila kipande kina bei yake na mtu wa kuibiwa. Methadoni inashika usiku na mchana. Kwa hiyo mama anaponiuliza kama tunabadilishiwa unga, jibu la kweli ni kwamba ndiyo, ni jamaa moja, zote zinakwenda kukaa kwenye kiti kilekile cha ubongo, na mwili wangu mpaka leo unaitegemea. Tofauti ni kwamba hii hainileweshi, hainipi stimu, na imenirudishia siku nzima isiyokatwa. Mshauri wetu alitusimulia kuhusu madaktari wawili wa New York, Vincent Dole na Marie Nyswander, walioianza tiba hii miaka ya 1960. Wagonjwa wao wa mwanzo kabisa walipotulia, mmoja akaanza kuchora picha, mwingine akataka arudi shule. Mimi nilitaka chai. Kila mtu na mji wake.

Kuna kitu kimoja nitakizungumza kwa kirefu, kwa sababu nimeona watu wakipotea kwa kutokijua. Mwaka 2019 niligundulika na kifua kikuu. Nikaanzishiwa vidonge, ambavyo ni miezi sita, na kwa bahati navyo nilivipata palepale kwenye kliniki yetu. Wiki ya pili miayo ikaanza. Ya tatu, kamasi, magoti, jasho la baridi saa nane usiku. Arosto kamili, na kikombe nakunywa kila siku! Nikadhani sista ananipunja. Nikamtolea maneno mbele ya foleni, maneno ambayo nisingependa mama yangu ayasikie. Kumbe mojawapo ya dawa za kifua kikuu, rifampisini, inalisukuma ini kuiunguza methadoni haraka, kikombe cha saa ishirini na nne kinakwisha kabla ya usiku wa manane. Baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilizokuwa zikitumika sana zamani nazo zilikuwa na tabia hiyo. Dokta akanipandisha taratibu mpaka 140, nikatulia. Nilipomaliza miezi sita alinishusha tena, pia taratibu, maana ini lilikuwa limerudi mwendo wake na ile 140 ingeweza kunilaza moja kwa moja. Mwenzangu mmoja aliyeanza vidonge hivyohivyo kwenye zahanati nyingine hakusema kuwa anakunywa methadoni, kwa aibu. Akaona dawa haifanyi kazi, akarudi kijiweni. Aibu ndiyo iliyomrudisha. Kwa hiyo ukienda hospitali yoyote, hata kung'oa jino, sema.

Madhara mengine yapo na nisipoyataja nitakuwa naigiza tangazo. Choo kinakuwa kigumu kama zege, nakula mapapai na ukwaju mpaka wauzaji wa soko la Temeke wananijua. Jasho, hasa usoni, hata Juni. Hamu ya sukari, na meno yanalipia. Hamu ya ndoa inapungua pia, na hilo wanaume hatulisemi kwa dokta, tunalisemea kwenye mabenchi nje halafu tunapeana mizizi. Sema kwa dokta, anaweza kuangalia dozi.

Malalamiko yangu makubwa ni ratiba. Dirisha letu linafunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa tano, siku saba kwa wiki, sikukuu zote. Nauli kwenda na kurudi shilingi 1,200, kila siku iendayo kwa Mungu. Dawa bure, lakini piga hesabu ya mwezi uone. Miezi ya mwanzo, huna kazi, huna wa kukuamini, hiyo 1,200 ni mlima. Dada Zuhura alikataa kunipa mkononi. Alikuwa ananipandisha daladala mwenyewe, anamlipa konda, anamwambia, "Huyu ashuke hospitali." Konda ananiangalia, nina miaka 35.

Na ukikosa siku tatu mfululizo hawakupi dozi yako ya kawaida, wanakurudisha chini na kuanza kupanda upya. Kitaalamu wana haki, mwili umeshapoa. Lakini sikiliza. Mwaka 2020 bibi yangu alifariki Kilwa Masoko, aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne. Simu ilikuja usiku. Kilwa hakukuwa na dirisha, na barua ya kuhamia kwa muda kwenye kliniki nyingine ilichukua siku. Nikafika dirishani saa moja, nikanywa, nikakimbilia Mbagala Rangi Tatu kupanda basi. Nilifika baada ya alasiri. Walishazika. Nikakaa kaburini, nikala ubwabwa wa watu, na saa tatu usiku nikadandia lori la samaki kurudi Dar ili asubuhi niwe kwenye foleni. Wajomba mpaka leo wanasema teja hakukaa hata siku moja ya matanga.

Hili kwa haki niseme limerekebishwa kiasi. Sasa hivi waliotulia kwenye kliniki yetu wanaruhusiwa kubeba dozi nyumbani. Mimi nabeba ya siku mbili baada ya kunywa ya siku hiyo. Wanakupa ndani ya kichupa chenye kifuniko, nawe uwe na kisanduku chenye kufuli, na usicheke kufuli, kipimo changu cha siku moja kinaweza kumuua mtoto. Kwa kuruhusiwa huko nimeweza kupokea kazi ya makochi ya hoteli Bagamoyo nikalala hukohuko. Laiti ingekuwepo 2020.

Lingine ni asubuhi ndefu. Saa mbili vijana mia moja wameshakunywa dawa, hawana arosto, hawana kazi, hawana pa kwenda, na getini nje wanasimama haohao waliokuwa wanatuuzia. Wanajua mahesabu. Wengi wanaoanguka hawaangukii unga kwanza, wanaangukia pombe kali. Viroba, ile ya paketi, vilipigwa marufuku Machi 2017 lakini ya chupa ndogo ipo kila duka. Mimi nilipona asubuhi hiyo kwa sababu rafiki wa marehemu baba alinirudisha karakana, akanipa kazi ya kufumua makochi ya zamani, kazi ya vumbi na kunguni ambayo hakuna fundi anayeitaka. Kliniki haina karakana. Kulikuwa na mafunzo ya ushonaji, yalidumu kipindi kimoja, cherehani zikafungiwa stoo. Na wanawake ni wachache mno kwenye ile foleni kulinganisha na niliowaacha vijiweni. Wanaokuja wanakuja na watoto mgongoni, wanaitwa majina na wanaume tuliokuwa nao kijiwe kimoja juzi, na hakuna aliyewapangia saa yao peke yao.

Nikiambiwa nitoe alama: dawa tisa kwa kumi, wahudumu nane, ratiba nne tangu walete dozi za kubeba, choo cha wagonjwa sifuri. Sijui kwa nini watu waliopewa dawa inayofunga tumbo wanawekewa choo kimoja chenye mlango usiofungika.

Swali linalofuata kwa mama huwa ni "Ataacha lini hiyo nayo?" Naomba mlipunguze hilo swali. Kwenye benchi letu alikuwepo kijana mtulivu, miaka mitatu msafi, amepata mchumba. Ukoo ukasema hawezi kuoa akiwa anakunywa dawa ya mateja. Akamlazimisha dokta, akashuka kwa miezi miwili kutoka 100 mpaka sifuri. Harusi ilifana. Kabla ya Ramadhani iliyofuata nilimkuta chini ya daraja, suti ya harusi alishaiuza. Ukitaka kushuka, unashuka miligramu chache kwa wiki kadhaa, unapumzika, unashuka tena, na wapo wasioshuka kabisa, kama mwenye kisukari na sindano yake. Mimi niko 70 sasa. Nimeanza kushuka mwaka jana, na nikiona usiku haulaliki nasimama.

Kama uko tayari kumpeleka, nenda naye mwenyewe, usimtume. Pa kuanzia, ipo namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, haikati salio, au muulize nesi wa hospitali ya wilaya akuelekeze dirisha la karibu. Miezi ya kwanza mlipe konda nauli mwenyewe, usimpe kijana hela mkononi. Muulize dozi yake ni ngapi kama unavyomuuliza amekula nini. Na wiki za mwanzo akirudi amekasirika akisema dawa ni maji, mkalishe, mpikie, kesho mpandishe daladala tena.

Dada Zuhura nilimshonea kochi la watu watatu mwaka juzi, kitambaa cha kijani alichokichagua mwenyewe Kariakoo, sikumtoza kitu. Jumapili nikitoka dirishani napita kwake kunywa chai. Nikibisha hodi, kabla hajafungua, nasikia mlio wa kabati la chumbani: anaweka simu na pochi, anafunga kwa ufunguo. Kisha anafungua mlango, "Karibu mdogo wangu, ulishakunywa?" Nasema nimekunywa. Kabati silizungumzi.